Kupiga kambi Chyulu na Msitu wa Kibwezi: mambo ya kujua kabla ya kufunga safari

Kila likizo ya Agosti na Desemba, magari hupita Kibwezi yakielekea pwani bila kupunguza mwendo ila kwa matuta. Upande wa kulia, kwa anayetoka Nairobi, kuna safu ya vilima vya kijani vinavyofuatana kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Hivyo ndivyo vilima vya Chyulu. Wakazi wengi wa Makueni wameiona bahari mara nyingi kuliko walivyowahi kukanyaga vilima hivyo, ingawa viko nyumbani, nauli yake ni ndogo na pa kulala panahitaji hema tu.

Makala haya yanaeleza jinsi mkazi anavyoweza kufika huko, kulala na kurudi salama. Yanaeleza pia jambo ambalo wageni wengi huondoka bila kulijua: namna mtu anavyopiga kambi juu ya Chyulu inahusu maji yanayotekwa na watu walio mbali sana na hema lake.

Kwanza, majina. Watu husema "Chyulu" wakimaanisha maeneo mawili tofauti. La kwanza ni Mbuga ya Kitaifa ya Chyulu, yenye ukubwa wa kilomita mraba 741, iliyotangazwa kuwa mbuga mwaka 1983. Inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. La pili ni Msitu wa Kibwezi, ulio chini ya vilima karibu na mji, ambamo zimo chemchemi za Umani. Huo ni msitu wa umma ulio chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kibali cha eneo moja hakikuruhusu kuingia katika jingine, na kila mwaka hukosekani mtu aliyepanda bodaboda hadi lango lisilo lake.

Wengine huja kwenye ofisi za kaunti kuomba kibali. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kaunti utalii wa mashinani, bustani za kaunti na vifaa vya burudani, lakini ulinzi wa wanyamapori ulibaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo ofisi ya utalii ya kaunti itakuelekeza, lakini haiwezi kukukatia tiketi ya mbuga.

Vilima visivyo na mto

Mtu anaweza kutembea kutwa nzima juu ya Chyulu asivuke kijito hata kimoja. Mvua hunyesha, ukungu hulala kwenye misitu ya kileleni karibu kila asubuhi, lakini maji hayaonekani popote. Yanakwenda wapi?

Chyulu ni vilima vya volkano, na kwa hesabu za wataalamu wa miamba ni vichanga sana. Mlipuko wa mwisho ulitokea katikati ya karne ya 19, takriban mwaka 1855, na lava yake nyeusi bado imetandazwa upande wa Tsavo Magharibi mahali panapoitwa Shetani, kwa sababu walioona moto ukitoka ardhini waliamini ni shetani mwenyewe aliyetoka. Ardhi ya namna hii, ya majivu ya volkano na mawe yenye matundu, haishiki maji juu. Inayanywa. Tone la mvua likianguka kileleni, mita 2,188 juu ya usawa wa bahari, hushuka moja kwa moja ndani, likapenya polepole na kuchujwa njiani, hadi likutane na mwamba mgumu wa kale ulio chini ya Ukambani yote. Ni mwamba wa aina ile ile unaochomoza juu ya ardhi kule Nzaui, na kule Kitui kwenye jiwe la Nzambani. Hapo maji hayana njia tena ya kushuka. Hufuata mwamba huo pembeni, kisha hutokeza chini ya vilima kama chemchemi: Kiboko, Makindu, Umani.

Kusini maji hayo hayo hutokeza Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, na kutoka huko bomba limekuwa likiyapeleka Mombasa tangu miaka ya 1950. Yule mtu wa Wote anayekwenda Mombasa kupumzika na kufungua bomba la hoteli, huenda anaoga mvua ya vilima alivyovipita barabarani bila kuvitazama.

Kwetu huku chemchemi hizo ndizo zilizoipa miji mahali pa kukaa. Makindu ilipata jina kutokana na mikindu, ile mitende ya mwituni inayopenda miguu yake iwe majini na ambayo majani yake husukwa mikeka. Kiboko nayo haihitaji maelezo. Mji wa Kibwezi na mashamba yake ya kunyunyizia maji hutegemea chemchemi hizi, na kinachobaki hushuka kwa Mto Kibwezi hadi Athi, mpakani na Kitui. Mtu wa Ikutha anayechota Athi wakati wa kiangazi ana hisa katika misitu ya Chyulu hata kama hajawahi kuiona.

Makueni imekwisha kuonja upande mchungu wa ardhi inayomeza kila kitu. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba la mafuta huko Thange, Kibwezi Mashariki, yakaingia ardhini na kutokea kwenye mto na visima. Familia zilizokuwa zikinywa na kulima kwa maji hayo zilihangaika kwa miaka. Sabuni ya mpiga kambi mmoja si mafuta ya bomba, ni kweli. Lakini njia ya kwenda majini ni ile ile, na ni vigumu sana kuyasafisha maji yakishaingia chini.

Hatari kubwa zaidi juu ya vilima ni moto. Nyasi za Chyulu hukauka kuanzia Julai, na kufikia Septemba cheche moja inatosha. Nyasi zenyewe humea tena mvua inyeshapo. Msitu wa kileleni hauko hivyo. Miti ile imevikwa kuvu na mimea midogo inayoning'inia kwenye matawi, nayo hukamata ukungu na kuudondosha ardhini tone kwa tone, hata siku ambazo mvua haijanyesha. Kila moto unaopanda mlimani hutafuna kidogo ukingo wa msitu huo, na mahali pa mti huota nyasi, ambazo nazo mwaka unaofuata ni kuni za moto mwingine. Warina asali wanaotumia moshi, wafugaji wanaotaka majani mapya, wachoma makaa na wapiga kambi wote wamo katika orodha ya wanaowasha moto bila kukusudia kuuwacha ukimbie.

Watu waliotangulia

Simulizi za Wakamba kuhusu asili yao zinaleta wazee kutoka nyanda za chini ya Kilimanjaro, wakapita Chyulu na Kibwezi, wakafika Nzaui, na kutoka hapo wakapanda Mbooni ambako walianza kulima. Kule Nzaui wazee huonyesha alama kwenye mwamba zinazosemwa kuwa nyayo za watu wa kwanza na ng'ombe wao. Ukiitazama ramani utaona kwamba simulizi hiyo inafuata maji, chemchemi hadi chemchemi.

Misafara nayo ilifuata maji hayo. Kabla ya reli, Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa biashara ya pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye mwaka 1849 alimpokea mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf. Ni akiwa huko Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, ndipo Krapf alipouona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851 katika safari ya kuelekea Mto Tana, na Krapf aliyekuwa naye aliponea chupuchupu. Msafara wowote uliotoka pwani ulilazimika kuvuka nyika kavu ya Taru na Tsavo, na Kibwezi palikuwa mahali ambapo wapagazi walipata maji ya kutosha, kivuli na chakula cha kununua.

Ndiyo sababu wamisionari wa Uskoti walipokuja mwaka 1891, wakiongozwa na Dkt. James Stewart na kugharamiwa na Sir William Mackinnon na wenzake wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, walichagua kujenga Kibwezi. Maji waliyapata. Walipata pia malaria, ambayo iliwaua kadhaa wao mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1898 kituo kilihamishiwa Kikuyu, mahali panapoitwa Thogoto, na kutokana nacho likakua kanisa la PCEA, ambalo hadi leo huhesabu mwanzo wake kuwa Kibwezi, 1891. Anayepiga hema karibu na chemchemi akasahau chandarua anapaswa kuwakumbuka watu hao.

Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa na kufika Nairobi mwaka 1899. Masikhi waliofanya kazi kwenye reli ndio waliojenga hekalu la Makindu mwaka 1926, na desturi yao ya kumpa kila msafiri chakula bila malipo, wa dini yoyote, inaendelea. Kwa anayerudi kutoka Chyulu akiwa na njaa na mkoba mtupu, hiyo si habari ndogo. Mtu hufunika kichwa, huvua viatu mlangoni, hula kilichopo na huacha sahani safi. Kutoa sadaka ni hiari.

Historia ya karibuni haina utulivu huo. Baada ya mbuga kutangazwa, familia zilizokuwa zikiishi na kulima ndani ya Chyulu ziliondolewa, na wapo wazee Kibwezi na Makindu ambao wanaweza kukuonyesha kwa kidole kilima walichozaliwa. Majirani wa mbuga pia ndio wanaoamka usiku tembo akiingia kwenye mahindi. Mgeni akisikia maneno makali kuhusu mbuga katika kibanda cha chai, asishangae, wala asiyabishie haraka.

Kuingia na kulala

Kibwezi iko takriban kilomita 200 kutoka Nairobi kwenye barabara kuu ya Mombasa, na ina kituo cha treni ya SGR ambako treni inayosimama vituo vya kati hushusha abiria. Wakazi wa Kitui wana barabara ya lami inayopitia Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi. Makao ya mbuga yako karibu na mji. Kutoka hapo kupanda vilimani ni barabara ya udongo na mawe, na wakati wa mvua gari dogo halifai. Kodisheni gari la juu kwa pamoja. Bodaboda haziruhusiwi kuzurura ndani ya mbuga, na kutembea bila askari wa wanyamapori ni kujitafutia nyati.

Malipo ya KWS hufanywa kwa njia ya kielektroniki kupitia eCitizen. Pesa taslimu hazipokelewi langoni. Mkenya hulipa kiwango chake, ambacho ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje, lakini lazima aonyeshe kitambulisho. Watoto wana kiwango chao. Viwango hubadilika, hivyo vitazameni siku ya kulipa badala ya kutegemea karatasi ya mwaka jana. Kuingia na kulala ni malipo mawili tofauti, na hapo ndipo makundi mengi ya vijana hukwama. Shule zinazotaka kuleta wanafunzi ziandike barua mapema, maana kuna utaratibu wao.

Viwanja vya kambi vya Chyulu ni vya kawaida sana. Usitarajie duka, wala bomba la maji. Kila mtu abebe maji yake: lita tano kwa siku ni kiasi cha chini kwa kunywa na kupika, na kundi la watu kumi kwa usiku mbili linahitaji mitungi mitano ya lita 20. Usiku kuna baridi ambayo mtu wa Makindu au Kathonzweni hajaizoea, hasa Juni na Julai. Blanketi moja halitoshi. Asubuhi ukungu unaweza kufunika njia kabisa. Usianze safari hadi ufunguke, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kabla ya adhuhuri. Ukifunguka vizuri, Kilimanjaro huonekana upande wa kusini-magharibi.

Kuhusu kupika, ushauri ni mfupi: jiko dogo la gesi. Kuokota kuni mbugani hakuruhusiwi, na kununua gunia la makaa barabarani ili ukapikie chini ya miti unayotaka kuifurahia ni mzaha. Pale ambapo moto umeruhusiwa, uwashwe kwenye jiko la mawe lililopo, usiachwe peke yake hata kidogo, na uzimwe kwa maji hadi jivu liwe baridi mkononi. Mchanga peke yake hautoshi, kwa sababu chini yake kaa huendelea kuishi hadi upepo wa saa tisa uje. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kuwasha moto msituni bila idhini ni kosa la jinai.

Chupa za maji za plastiki, sahani na vijiko vya kutupa vimepigwa marufuku katika mbuga na misitu tangu tarehe 5 Juni 2020. Askari langoni atavitoa kwenye mkoba wako. Leteni chupa za kudumu na sufuria za nyumbani.

Mapango ni sehemu ambayo vijana huipenda kuliko zote, na inastahili tahadhari kuliko zote. Lava ilipokuwa ikitiririka, ngozi yake ya juu ilipoa na kuganda huku ya ndani ikiendelea kukimbia. Ilipoisha kutoka, liliachwa bomba tupu la mawe. Pango linaloitwa Leviathan ni bomba la namna hiyo lenye urefu wa zaidi ya kilomita 11, mojawapo ya marefu zaidi duniani ya aina yake. Kuna pia mapango ya Kisula. Mawe ya ndani hukata kama wembe, dari ni ya chini mahali pengine, na giza lake si la usiku wa kijijini. Ingieni na mwelekezi tu, kila mtu na tochi mbili, viatu vigumu na kofia ngumu. Simu si tochi.

Chini, katika Msitu wa Kibwezi, hali ni nyingine. Kuna joto, kuna miti mikubwa inayokunywa maji ya chini ya ardhi, vipepeo na ndege wengi, na madimbwi ya Umani ambayo maji yake ni safi kiasi cha kumshawishi mtu kuvua nguo. Asivue. Madimbwi hayo ni ya wanyama, nyati na tembo huja kunywa, na sabuni au mafuta ya mwilini huingia moja kwa moja katika maji ya watu. Kuoga na kuosha vyombo kufanyike mbali na ukingo, na maji machafu yamwagwe kwenye udongo mkavu. Kuingia msituni kwa ziara ya siku huanzia ofisi ya KFS Kibwezi. Nyumba ya wageni iliyo karibu na chemchemi inaendeshwa na Sheldrick Wildlife Trust, nayo hukodishwa yote kwa kundi moja na huwekwa nafasi mapema sana.

Shirika hilo hilo lilifungua Umani, mwaka 2014, kituo cha kulea tembo mayatima. Waliochaguliwa kuanza hapo walikuwa wale waliokuwa na majeraha ya miguu, miongoni mwao Murera, aliyekanyaga mtego wa misumari yenye sumu. Msitu wenye maji na majani karibu uliwafaa wasioweza kutembea mbali kutafuta malisho. Wageni hawaruhusiwi kuwakaribia kwa hiari yao, na tembo anayeonekana msituni asidhaniwe kuwa ni yule aliyezoea watu.

Malango ya mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Anayefika saa moja usiku atalala mjini Kibwezi, ambako kuna vyumba vya bei nafuu. Mtu yeyote, awe mgeni au mkazi anayechunga mbuzi pembeni, akiona moshi juu ya vilima amwarifu askari wa KWS au wa KFS aliye karibu, au chifu, na ataje jina la kilima au kijiji kilicho chini yake. Neno "Chyulu" pekee halisaidii. Vilima hivyo vina urefu wa takriban kilomita 100, na kikosi cha kuzima moto kinahitaji kujua kipandie wapi.